Kumbukumbu ya Bibi Yetu wa Wete

Wazee wanaokusanya kurasa za kitabu chetu wameniomba mwaka huu niandike juu ya Bibi yetu, mama mzaa mama yangu, aliyefariki hapa Maskati mwaka 2004. Nilikubali upesi, kisha nikakaa na karatasi siku nyingi bila ya kuandika neno, kwani kila mmoja wenu ana Bibi wake. Wapo wanaomkumbuka kwa mkate wake wa kumimina, wapo waliopigwa upawa kwa kuingia jikoni na viatu, na wapo waliozaliwa London wanaomjua kwa picha moja tu, ile aliyokaa barazani na kofia mapajani. Mimi nitaandika nilivyomjua mimi. Nikikosea, mama zangu wadogo watanisahihisha, kama ilivyo desturi yao.

Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Aliambiwa kwamba amezaliwa Wete, Pemba, muda mfupi baada ya Seyyid Khalifa bin Haroub kukalia kiti, na Seyyid Khalifa alikalia kiti Disemba 1911, basi sisi tukahesabu kutokea hapo. Ndivyo alivyohesabu maisha yake yote. Aliolewa mwaka ambao Siti binti Saad alikwenda Bombay kurikodi santuri, yaani 1928. Alizika watoto wawili wachanga, halafu Mamkubwa akazaliwa na akabaki, mwaka wa jubilii ya Seyyid Khalifa, 1936. Baba yake alikuwa Muarabu aliyetoka Oman bara, mama yake Mpemba wa hapo hapo, na lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu na cha kuombea dua.

Mambo aliyopenda kuyasimulia ni ya msimu wa karafuu. Mtu angeweza kumuuliza habari ya shingo kumuuma, yeye akaanzia kwenye karafuu. Alisema msimu ukiwa mzuri Wete nzima ilinukia, na harufu iliingia mpaka ndani ya mito ya kulalia. Wanaume walipanda mikarafuu, wanawake na watoto wakivuta matawi ya chini kwa upembo, na kila mtu akilipwa kwa pishi alizochuma. Jioni ndiyo kazi yenyewe: watu wamekaa duara, taa ya chemli katikati, wanachambua karafuu na makonyo mbali mbali, hadithi zinakwenda na vidole vinakwenda. Asubuhi karafuu zinaanikwa juu ya majamvi, na hapo ndipo roho zinapokaa juu juu, kwani wingu likitanda watoto wote hutolewa chuoni mbio kwenda kuanua. Bibi alikuwa akitwambia kwamba hata Maskati, mahali ambapo mvua ni ya kuhesabu, akisikia ngurumo mikono yake hunyanyuka wenyewe kutafuta pembe ya jamvi.

Miaka ya vita vikuu vya pili aliitaja kwa neno moja: mhogo. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 mchele wa Burma uliadimika Zanzibar, na Bibi alijifunza kuupika mhogo kwa namna ambazo sisi hatukuweza kuzihesabu. Mpaka uzeeni hakuweza kuona punje ya wali imebaki sahanini akanyamaza.

Mumewe alifariki mwaka 1958 akamwachia mikarafuu michache na watoto watano. Hapo ndipo kofia ilipogeuka kuwa riziki. Kushona alifundishwa na baba yake, wakati wanawake wenziwe walikuwa wakifundishana miongoni mwao, na yeye alijivunia jambo hilo kidogo kuliko inavyopasa, Mungu anisamehe. Aliozoea kununua kofia dukani hajui kazi iliyomo. Bafta hukatwa duara ya juu na ukuta wa pembeni, mapambo huchorwa kwa penseli, kisha kila kiua kinatobolewa na kuzungushwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja, mamia kwa mamia. Kofia moja nzuri ilimchukua mwezi na zaidi. Alishona barazani kwa mwangaza wa asubuhi tu. Mchana alisema macho yanadanganya.

Sasa niingie katika lile ambalo nyumbani kwetu halikuwa likisemwa.

Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Bibi aliondoka Pemba. Alitoka usiku kwa dau kuelekea Tanga, pamoja na mama yangu, mjomba wangu na mama zangu wadogo wawili. Mamkubwa alikuwa ameshaolewa, anakaa kwa wakwe zake, nyumba ambayo haikufika hata nusu maili kutoka kwa Bibi. Hakuambiwa. Asubuhi alikwenda kumpelekea mama yake uji akakuta mlango umefungwa, na jirani anafagia ua bila ya kunyanyua uso.

Kutoka Tanga walikwenda Dar es Salaam, na kofia zikawalisha huko miaka minane. Sultan Qaboos alikuwa ameshika nchi tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warejee, na mwaka 1972 Bibi akaletwa Maskati na mjomba. Alifika katika nchi ya baba yake akiwa na miaka sitini, na wenye duka hawamwelewi. Waliitwa Wazanzibari, na wakati mwingine jina hilo halikutamkwa kwa wema. Bibi hakujali sana, au hakuonesha. Alionesha vidole: akamwekea muuza duka kofia yake juu ya meza, yule bwana akaigeuza ndani nje, akauliza bei. Kofia ile ile inayoitwa kumma huku, na kila mwanamume wa Oman anayo kichwani. Baada ya hapo Kiarabu cha sokoni kilikuja chenyewe.

Kwa Mamkubwa alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwani za Kizungu hakuzijua. Shida ni kwamba Mamkubwa mwenyewe macho yalikuwa mabaya, na wanawe waliosoma skuli walijua herufi za Kizungu tu. Basi barua ilipofika ilipelekwa kwa mzee wa mtaani asome kwa sauti, na nani ataandika ya moyoni akijua yatasomwa barazani? Kwa hivyo barua zote zilikuwa salamu, na majina ya wa kusalimiwa.

Mwaka 1976 mjomba alinunua rikodi ya kaseti. Bibi aliiogopa wiki moja, halafu hakuiachia tena. Alirikodi huku anakuna nazi, na mbuzi anasikika wazi, kr, kr, kr, na yeye anaeleza kuwa nazi za Salalah ni nzuri kwa madafu lakini tui lake halimridhishi. Alitaja bei ya samaki Matrah. Alitutukana sisi wajukuu kwa majina. Kila kanda ilikwenda kwa mkono wa msafiri, na wasafiri siku zile walikuwa wachache, pamoja na sabuni, majani ya chai na doti ya khanga. Na kila mwisho wa kanda alisema lile lile: "Mwanangu, nisamehe kwa yaliyopita." Mamkubwa alirejesha kanda zake, za mvua, za harusi, za vifo. Neno lile hakulijibu hata mara moja.

Safari za Zanzibar zilipoanza kuwa nyepesi katikati ya miaka ya themanini, Bibi alisema anakwenda. Ilikuwa 1986, mimi nina miaka 11, nikapelekwa nimshike mkono. Tulipofika Wete Mamkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mtu mzima wa miaka hamsini, mimi nikadhani ndiye Bibi wa nyumba. Akasema, "Shikamoo Mama." Bibi akaitikia, "Marahaba mwanangu." Wakaingia ndani, wakaanza kuulizana habari za watu waliokufa.

Usiku wa tatu ndipo nilipoyasikia, nao wanadhani nimelala.

"Mama, kwa nini mimi?"

"Wewe ulikuwa na mume. Wale walikuwa na mimi tu."

"Basi ungeniaga."

"Ningekuaga, wakaja kukuuliza niko wapi, ungesema nini? Nilitaka uape bila ya kusema uwongo."

Mamkubwa alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba walikuja kweli, siku ya pili yake, watu wanne, na aliapa juu ya msahafu kwamba hajui, nao wakaona uso wake wakamwamini, kwa sababu alikuwa analia. Bibi hakuwa anayajua hayo. Miaka 22 hakuwa anajua kama walikuja.

Sikusikia akisema "nisamehe" tena, wala Mamkubwa akisema "nimekusamehe". Asubuhi nilimkuta Mamkubwa anamsuka Bibi nywele, na Bibi analalamika kuwa anavuta. Tulikwenda kwa mwezi mmoja tukakaa mitatu. Mimi nilikosa masomo ya muhula mzima na sijajuta.

Mamkubwa alifariki mwaka 1999, na Bibi hakuweza tena kusafiri kumzika. Alikaa barazani kwa mjomba, Al Khuwair, akaendelea na kofia iliyokuwa mkononi. Kofia hiyo haikwisha. Ninayo mimi, sindano ingali imechomekwa katika kiua cha mwisho, na nimewakataza watu kuigusa.

Kanda za Bibi zilizorudi kutoka Wete ninazo 14, na zote zimeshahamishiwa katika kompyuta. Za Mamkubwa zimepatikana sita tu. Yeyote mwenye kanda za zamani ndani ya sanduku, hata kama juu yake imeandikwa taarabu, tafadhali asiitupe kabla ya kuisikiliza mpaka mwisho, kwani Mamkubwa alikuwa na tabia ya kurikodi juu ya nyimbo.