Honi ya treni inakukatiza usingizi Voi? Usiombe inyamaze, omba geti

Saa tisa usiku. Feni inazunguka kwa sababu joto la Voi halina adabu, dirisha umeliacha wazi, na hatimaye usingizi umekubali kuja. Kisha inakuja yenyewe: paaaa! Paaaa! Vioo vinatetemeka, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia, na wewe unabaki ukitazama dari, ukihesabu saa zilizobaki kabla ya kwenda kazini.

Kama umepanga karibu na reli ya zamani, huhitaji kusimuliwa. Na pengine umewahi kujiuliza kwa hasira: huyu dereva anampigia nani honi saa hizi?

Anakupigia wewe. Au yule boda aliyekubeba wikendi, iafoni masikioni, akakata reli bila hata kugeuza shingo.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakata mita 11 kila sekunde. Honi ikianza kulia sekunde 15 kabla ya kivuko, injini iko mita 165 hivi kutoka kwako. Na treni ya mizigo iliyokolea mwendo inaweza kuhitaji kilomita moja na zaidi ndipo isimame. Dereva akikuona umekwama katikati ya reli, breki zake haziwezi kukuokoa. Kinachobaki ni honi tu.

Ndiyo maana sheria inailinda. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zile ambazo NEMA huzitumia kufungia klabu na makanisa yenye spika kubwa, zinataka mtaa wa makazi usizidi desibeli 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Honi ya treni ni kitu kingine kabisa: kiwango cha Marekani, kwa mfano, ni kati ya desibeli 96 na 110, ikipimwa mita 30 mbele ya injini. Lakini kanuni zetu zinaziacha nje ala za tahadhari kwa usalama wa umma, honi za treni zikiwemo. Kwa hivyo ukienda kushtaki honi, utarudi mikono mitupu.

Sasa wacha nikupeleke Florida, kwa sababu wenzetu huko walishafanya unachotamani. Mwaka 1984 jimbo hilo liliruhusu miji iliyo kando ya reli ya Florida East Coast kupiga marufuku honi usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwenye vivuko vyenye mageti na taa. Watu wakalala. Kisha hesabu ikafanywa: ajali za usiku kwenye vivuko hivyo zilikuwa zimepanda karibu mara tatu. Mwaka 1991 serikali kuu ya Marekani ikatoa amri ya dharura, honi zikarudi.

Unaona tatizo? Mageti yalikuwepo! Lakini yalikuwa ya kuziba nusu ya barabara, na dereva mwenye haraka anazunguka ncha yake kama vile matatu inavyozunguka foleni. Kwa hiyo tangu 2005 sheria yao inasema mji ukitaka kimya, kwanza ujenge kitu cha kuchukua nafasi ya honi: mageti yanayoziba barabara nzima pande zote mbili, au ukuta mfupi katikati ya barabara usiokuruhusu kuhama upande. Kuna pia honi inayofungwa kwenye nguzo palepale kivukoni, ikielekezwa barabarani, ili sauti imfikie anayevuka badala ya kutembea mtaa mzima.

Turudi nyumbani. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, na kufikia 1898 ilikuwa tayari imevuka Voi, wajenzi wakiliwa na simba kule Tsavo. Mji ndio uliokuja kukaa kando ya reli, tukubali hilo. Lakini reli ile ilichorwa enzi ambayo hakukuwa na boda, ploti wala watoto wa shule wanaokimbilia kengele ya asubuhi.

SGR iliyozinduliwa Mei 2017 haina shida hii, kwani imejengwa ipite juu au chini ya barabara, na pembeni kuna ua. Tembo wa Tsavo nao wamejengewa njia pana chini ya tuta la reli. Sina kinyongo na tembo, jamani. Lakini inachoma kidogo kuona ndovu ana njia yake salama na mwanafunzi wa Voi anategemea masikio yake.

Tena mizigo mingi ilivyohamia SGR, hatari kwenye reli ya zamani ilibadilika sura. Treni zikiwa chache, unazoea kwamba hakuna kitu. Unavuka kwa mazoea. Na si porini tu: Oktoba 2013, pale Mutindwa, Nairobi, basi la abiria liligongwa na treni asubuhi watu wakienda kazini, na zaidi ya watu kumi wakafa.

Ndiyo sababu naona kelele za usiku ni malalamiko halali yanayopelekwa mahali pasipofaa. Usiombe honi inyamazishwe. Omba geti refu la kuziba barabara nzima, na mtu wa kulifunga. Kabla ya hilo kuna mambo ya bei nafuu: matuta pande zote mbili za kivuko, bango la kusimama linalosomeka, taa ya barabarani, vichaka vilivyokatwa ili mtu aone mbali.

Na usifikiri hili ni la Voi pekee. Ile reli ya Taveta, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ili wawafuate Wajerumani, imelala kwenye nyasi miaka mingi. Mara kwa mara husikika mipango ya kuifufua. Siku itakapofufuka, Mwatate kutakuwa na kizazi kizima ambacho hakijawahi kusubiri treni ipite.

Reli ni ya Kenya Railways, barabara inaweza kuwa ya kaunti au ya serikali kuu, na hapo ndipo mpira hurushwa huku na huku. Kwa hivyo kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, usiende kusema "kelele zimezidi". Nenda na jina la kivuko, saa ambazo treni hupita, na idadi ya watoto uliowahesabu mwenyewe wakivuka kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu asubuhi. Wiki moja ya kuhesabu inatosha. Si tayari uko macho?