Mkono Ukiondoka Mdomoni

Mtazame mtu aliyevunjika jino la mbele anapochekeshwa. Kicheko bado kiko kooni, kiganja kimeshapanda kuziba mdomo. Mjini Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, pikipiki, au moto kama wenyeji wanavyoiita, ndiyo teksi ya kila mtu, na meno ya mbele huponzwa na breki moja ya ghafla tu. Mkono ukivunjika, ndugu huchanga pesa siku hiyohiyo. Jino likivunjika, utasikia wakisema, "Hilo si ugonjwa, utazoea." Mwenye jino naye anazoea kweli: anazoea kucheka kwa kujificha, kupiga picha amefunga mdomo, na kumwachia mwenzake azungumze mbele za watu.

Daktari wa meno anaweza kuuondoa mkono ule mdomoni. Tiba ya urembo wa meno hushughulikia umbo, rangi na mpangilio wa meno. Wengi huidhania kuwa anasa ya wenye magari ya vioo vyeusi, kumbe sehemu yake kubwa ni kazi ya ukarabati.

Wala kupamba meno hakukuja na ndege katika nchi hizi. Katika msitu wa Ituri, Wambuti walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na kwao huo ulikuwa uzuri. Wajaluo wa Kenya waling'oa meno sita ya chini. Wamaasai waliondoa mawili. Waswahili wa pwani wanausifu mwanya mpaka leo, ingawa wako wanaokwenda kwa daktari kuuziba, na wengine wanaotaka kuchongewa. (Kuchonga jino zima ili upate mwanya ni biashara mbaya: kilichochongwa hakioti tena.)

Hakuna habari inayoonyesha uzito wa jambo hili kama ile ya Ota Benga. Kijana huyu wa jamii za watu wa misitu ya Kongo alipelekwa Marekani mwaka 1904 kuonyeshwa katika maonyesho ya dunia ya St. Louis. Meno yake yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya kwao, na magazeti yakaandika kwamba ni meno ya mla watu. Uongo mtupu, lakini watazamaji walitoa senti tano kuyaona. Mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani, mpaka wachungaji Weusi walipopinga kwa nguvu. Mwaka 1910 alihamia Lynchburg, Virginia. Huko wafadhili wake walimvalisha suti na kumpeleka avikwe vifuniko juu ya meno yake, ili afanane na majirani. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba tarehe 20 Machi 1916 aliwasha moto, akavibandua vifuniko vile, kisha akajiua kwa bastola.

Tabasamu lile lilitengenezwa kwa macho ya wengine. Daktari mwenye busara leo huanza kwa kumpa mgonjwa kioo na kumuuliza: wewe, ni nini kinachokukera? Mara nyingine jibu ni kidoa kimoja ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukiona.

Jino lililokatika ncha ndilo rahisi kuliko yote. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester, New York, aliazima ujanja wa wapaka rangi viwandani, ambao huosha chuma kwa asidi ili rangi ishike. Alipaka asidi juu ya enameli, lile gamba gumu la jino, kwa nusu dakika. Gamba likapata vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na gundi ikapata pa kung'ang'ania. Siku hizi daktari hupaka asidi hiyo, huosha, hutia gundi, kisha hujenga kipande kilichopotea kwa rezini yenye rangi ya jino, tabaka kwa tabaka, akiikausha kwa taa ya mwanga wa buluu. Mara nyingi kazi huisha kwa kikao kimoja. Rezini hiyo hubadilika rangi kwa miaka na inaweza kumeguka, hasa kwa mtu anayefungua chupa ya bia kwa meno.

Rangi ni shauri jingine. Doa la chai, kahawa au tumbaku hukaa juu na husafishika. Doa lililozaliwa na jino halitoki kwa mswaki hata ukisugua mpaka fizi zitoke damu. Kuzunguka Mlima Meru, Tanzania, maji yana madini mengi ya floraidi, na watoto wanaoyanywa huota meno ya kahawia. Upande wa Goma, moshi wa volkano ya Nyiragongo huitia floraidi mvua ambayo watu huikinga kwa kunywa. Chanzo kingine kimo ndani ya duka la dawa: tetrasaiklini akipewa mtoto aliye chini ya miaka minane, au mama mjamzito, huweza kuyaachia meno ya mtoto michirizi ya kijivu ya maisha yote.

Daktari hung'arisha meno kwa dawa ya peroksaidi iliyopimwa, huku akizilinda fizi. Doa likiwa zito, hulifunika kwa rezini au kigamba chembamba cha kauri. Mbinu ya vigamba ilianzia Hollywood, ambako daktari wa meno Charles Pincus aliwabandikia waigizaji kwa muda wa kupiga picha tu. Limau, majivu na maji ya kufulia ni hasara tupu: asidi ya limau hula enameli, na chini yake kuna tabaka la manjano. Anayetafuta weupe kwa limau anauchimbua umanjano.

Dhahabu je? Eneo la Kilo, hukohuko Ituri, lilipata sifa ya dhahabu tangu 1903, na jino la dhahabu lilikuwa cheti cha tajiri. Kitabibu halina kasoro kubwa, kwani dhahabu haipati kutu. Ni vijana tu wameichoka.

Kabla ya urembo wote huo, mashimo huzibwa na fizi hutibiwa. Daktari anayekubali kubandika vigamba juu ya meno yaliyooza, awe Bunia au Kampala wanakokimbilia wenye uwezo, mgonjwa amkimbie.

Na jino la mtu mzima likichomoka zima barabarani, lisitupwe. Lishikwe upande wa kutafunia, si mzizi. Lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe kwenye tundu lake palepale, mwenyewe aume kitambaa. Ikishindikana, liwekwe ndani ya kikombe cha maziwa mabichi yasiyoganda. Ituri ni nchi ya ng'ombe, hayakosekani. Mgonjwa apande moto nyingine na kikombe chake mkononi, afike kwa daktari kabla saa moja haijapita.