Kingamwili Inayomtambua Bakteria wa Kipindupindu

Mvuvi wa dagaa anapofikishwa zahanati alfajiri, macho yamedidimia, ngozi imelegea na choo chake kinafanana na maji yaliyooshea mchele, maswali mawili huzuka kwa pamoja. La kwanza ni la mgonjwa: ataokolewaje? La pili ni la kijiji kizima: je, huu ni kipindupindu? Katika Guta, wilayani Bunda, kando ya Ziwa Victoria, swali hilo la pili ni zito, kwani maji ya ziwa huwaunganisha watu wengi.

Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, Mara ikiwamo. Kufikia mwanzoni mwa 2018, nchini Tanzania walikuwa wameripotiwa wagonjwa zaidi ya 33,000, na zaidi ya 540 kati yao walifariki.

Jibu la haraka hutokana na kingamwili. Mwilini, kingamwili ni protini ya ulinzi inayonasa sehemu mahususi ya kimelea, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Tangu mwaka 1975, Köhler na Milstein walipobuni njia ya kuzalisha kingamwili zinazofanana kutoka ukoo mmoja wa seli, maabara zimeweza kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi. Zile za kipindupindu hulenga sukari zilizo juu ya ganda la bakteria *Vibrio cholerae* wa kundi O1, au O139 lililotambuliwa mwaka 1992.

Katika kipimo cha haraka, majimaji ya choo hupanda kwenye utepe. Bakteria akiwapo, hunaswa na kingamwili zilizobeba chembe za rangi, kisha hukwamishwa na kingamwili nyingine zilizopakwa kwenye utepe. Ndipo mstari huonekana. Mstari wa pili huthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, majibu hayo hayafai na kipimo hurudiwa.

Hata hivyo, kipimo hiki ni kengele, si hukumu. Huweza kukosea pande zote mbili. Kwa sababu hiyo sampuli hupelekwa maabara kuoteshwa. Bakteria wakishaota, mtaalamu huwachanganya na kingamwili za O1 juu ya kioo. Wakigandamana, huku tone la maji ya chumvi lisilo na kingamwili likibaki bila mgando, utambuzi hupata nguvu. Kuoteshwa huko pia huonyesha ni antibiotiki zipi bado zinafanya kazi.

Mhudumu wa afya asisubiri majibu yoyote kabla ya kurudisha maji mwilini. Anayeweza kunywa apewe ORS. Aliyepungukiwa sana na maji, au anayeshindwa kunywa, awekewe dripu mara moja. Sampuli ichukuliwe mapema, ikiwezekana kabla ya antibiotiki, lakini matibabu yasicheleweshwe kwa ajili yake. Mgonjwa anayeshukiwa aripotiwe siku hiyo hiyo.

Naye mwananchi aanze kumnywesha mgonjwa ORS nyumbani, aendelee njiani na kuwahi kituoni. Wengine wa kaya wanywe maji yaliyochemshwa au kutibiwa kwa klorini, wanawe mikono kwa sabuni na watumie choo. Utepe hutambua bakteria aliyekwisha kuingia. Kumzuia asiingie ni kazi ya kila kaya.