Kwa Nini Pasi Ilinishika

Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu hili kovu la kiganjani. Lilitokana na pasi.

Ilikuwa jioni ya mvua, mwezi wa Aprili. Nilifika nyumbani kwa miguu kutoka shule nikiwa nimelowa chapachapa. Nikavua viatu, nikachomeka plagi ili nikaushe sare. Kugusa tu chuma cha pasi, mkono ukakaza. Nilitaka kuiachilia, wapi! Binamu yangu mdogo akaja mbio anivute. Nyanya akampigia kelele, "Wee, usimguse!" Akazima swichi kubwa iliyo karibu na mlango, nami nikaanguka kama gunia.

Kesho yake nilimsumbua mwalimu wa Fizikia kwa maswali. La kwanza: mbona ndege hutua kwenye nyaya za stima hapa Butere na hawafi? Kumbe stima haitembei bila njia. Ndege amekanyaga waya mmoja, hagusi kitu kingine, basi stima haina pa kwenda kupitia kwake. Mimi nilikuwa daraja kamili: mkono kwenye pasi, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Ngozi kavu huizuia stima kiasi, iliyolowa huiachia ipite. Na binamu yangu angenishika, angekuwa daraja la pili.

Swali lililonishangaza zaidi ni hili: mbona fyuzi haikukatika? Miaka yote nilidhani fyuzi imewekwa kunilinda mimi. La hasha! Fyuzi ya plagi ile ni ya ampea 13. Moyo wa mtu unaweza kuvurugika kwa sehemu moja tu ya kumi ya ampea. Yaani ningekufa pale na fyuzi isijue lolote. Kazi yake ni kuzuia nyaya zisipate moto zikachoma nyumba.

Anayemlinda mtu ni waya wa tatu, ule wa kijani na manjano. Ule wa kahawia huleta stima ya volti 240, wa buluu huirudisha. Huu wa tatu hufungwa kwenye chuma cha pasi, ukapitia mguu mrefu wa plagi hadi kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa udongoni. Waya wa kahawia ukichubuka na kugusa chuma, stima nyingi hukimbilia ardhini mara moja, na hapo ndipo fyuzi hukatika. Tulipoifungua pasi yetu, tulikuta fundi mmoja alikuwa amebadilisha kamba akaweka ya nyaya mbili. Mahali pa waya wa tatu palikuwa patupu.

Sasa kuna mjomba wangu, ambaye hupenda kutengeneza soketi stima ikipotea, eti hakuna hatari. Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mto Tana, stima ikapotea karibu nchi nzima. Baada ya saa kadhaa ikarudi bila kubisha hodi. Mjomba husema atasikia friji ya jirani ikianza kunguruma, aondoe mkono. Nilimweleza kwamba friji na mkono wake vitaipata stima wakati mmoja. Alinicheka, lakini juzi nilimwona akizima swichi kubwa kwanza.