Mgonjwa Wetu Ana Serumu: Tuangalie Pale Inapoingilia

Kwetu Congo mgonjwa halali hospitali peke yake. Sisi ndio tunaomlinda: tunampikia, tunamwogesha, tunafua mashuka, tunamwita muuguzi chupa ya serumu ikiisha. Kwa hiyo maambukizo ya damu si neno la waganga tu, linatuhusu na sisi.

Sindano ya serumu inapenya ngozi na kubaki ndani ya mshipa mchana na usiku. Hapo ndipo mikrobe hupata njia. Mikono iliyotoka kumwaga ndoo ya choo ikigusa mpira au sparadra, inatosha. Mikrobe zikiisha kuingia katika damu zinatembea mwili mzima, na mtu aliyelazwa kwa malaria anaweza kufa kwa ugonjwa ambao hakuja nao.

Tukumbuke Yambuku, mwaka wa 1976. Katika hospitali ile sindano tano tu ndizo zilizotolewa kila asubuhi, zikasuuzwa kwa maji na kutumiwa tena kwa mtu mwingine. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Leo sindano moja ni ya mtu mmoja. Kama hatukuona pakiti ikifunguliwa, tuulize kwa heshima, hata tukionekana wakorofi.

Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, sekunde 40 hadi 60, wala tusiipanguse kwa kikwembe tulichokalia chini. Tusifungue mpira wenyewe, hata mgonjwa akiomba serumu iende mbio. Sparadra ikilowa, tuite muuguzi. Mgonjwa akianza kula na kunywa vizuri, tuulize kama sindano inaweza kutolewa. Wako wanaosema serumu inatia nguvu. Lakini sindano inayokaa bure ni mlango wa mikrobe tu.

Pale penye sindano pakivimba, pakiwa pekundu au pakitoa usaha, tuseme mara moja. Vivyo hivyo akipata homa na kutetemeka, akipumua mbio, akichanganyikiwa, au mkojo ukipungua. Mtoto mchanga akikataa ziwa, au mwili wake ukiwa baridi, tusingoje asubuhi.

Daktari anaweza kutaka damu ipimwe kabla ya kuanza antibiotiki. Basi tusimpe mgonjwa vidonge vya sokoni kwa siri: vinaweza kuficha mikrobe, na laboratwari isione kitu. Dawa aliyoandikiwa aimalize, hata homa ikishuka siku ya pili.