Kuhamisha Kamba Wachanga Kwataka Saburi

Zipo nyumba zifugazo, ndani ya matangi ya vioo, kamba wadogo wekundu wa maji baridi ambao asili yao ni vijito vya Uchina na Taiwan. Sisi nasi twawafuga, na hasara tuliyoipata twapenda iwe faida kwenu.

Jike hubeba mayai chini ya tumbo lake kwa muda wa majuma matatu hata manne. Anayeanguliwa ni kamba kamili wa umbo, ila urefu wake ni kama milimita 2 tu. Watoto wetu walipoona samaki wakiwawinda wachanga hao, walishikwa na huruma. Nasi tukawaruhusu wawateke kwa wavu na kuwatia katika tangi jipya, lililojazwa maji ya bomba siku ile ile. Kulipokucha hakusalia hata mmoja. Huruma yao ilikuwa njema, lakini haikuongozwa na maarifa, na lawama ilikuwa juu yetu sisi wakubwa.

Makosa yalikuwa matatu. Kwanza, maji ya bomba aghalabu hutiwa klorini, nayo ni sumu kwao. Pili, kamba mchanga hula utando mwembamba uotao juu ya majani na mawe, na tangi jipya halina utando huo, wala halina vijidudu vya kuondoa sumu itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula. Tatu, mwili wake hauvumilii badiliko la ghafula la joto na la madini yaliyomo majini, hasa anapojivua gamba.

Basi yapasa kungoja. Tangi litayarishwe mwezi mzima au zaidi, na litiwe sponji iliyokwisha kutumika katika tangi la zamani. Wachanga waachwe mpaka wafikie kadiri ya sentimita 1. Na ikiwa samaki wawasumbua, afadhali wahamishwe samaki. Siku ya kuhama, kamba watekwe kwa kikombe pamoja na maji yao, wawekwe katika ndoo ndogo. Kisha maji ya tangi jipya yadondoke humo kwa mpira mwembamba uliopigwa fundo, tone moja au mawili kwa sekunde, mpaka maji ya ndoo yawe mara tatu ya yale ya kwanza. Ndipo wateremshwe taratibu.

Mara ya pili tulifanya hivyo. Watoto wale wale walikaa kitako zaidi ya saa nzima wakihesabu matone, na asubuhi waliwakuta kamba wao wakitambaa juu ya majani.