Nani Alipwe Ili Msitu Ubaki?

Tuwachukue wakulima wawili wa magharibi mwa Uganda, kila mmoja na kipande chake cha msitu. Wa kwanza msitu wake uko kwenye korongo la mawe ambalo jembe haligusi. Wa pili anadaiwa karo, na mchoma mkaa ameshakuja mara mbili kuulizia miti. Fedha za hifadhi zinamtosha mmoja tu. Ukitangaza malipo, wa kwanza ndiye atakayewahi kujiandikisha, maana hapotezi kitu. Utakuwa umelipia miti ambayo ingesimama hata bila senti yako.

Hofu hiyo ilipimwa katika wilaya za Hoima na Kibaale, hukohuko magharibi mwa Uganda, kati ya mwaka 2011 na 2013. Watafiti, akiwemo mchumi Seema Jayachandran, walivigawa vijiji 121 kwa kura: 60 vikapewa mikataba, 61 vikaachwa vilivyo. Aliyeacha kukata miti aliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kila mwaka. Ni takribani theluthi moja tu ya waliostahili waliojiunga. Hata hivyo, picha za setilaiti zilionyesha kuwa vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti yao, na vilivyolipwa asilimia 4.2. Kumbe miongoni mwa waliojiunga walikuwemo wenye shoka mkononi. Bila vile vijiji 61, tusingelijua hilo kamwe.

Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, swali ni jingine. Tangu mwaka 2000, familia za Wamaasai zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushie ardhi uzio na wanyamapori waweze kupita, na fedha zilifika shule zinapofunguliwa. Lakini nyumbu hahesabu ekari. Anatafuta njia, na uzio mmoja katikati ya mashamba kumi yaliyo wazi unatosha kumrudisha alikotoka. Ekari iliyo kwenye mapito yake ina uzito zaidi kuliko kumi zilizo kando.

Na yule aliyeutunza msitu wa babu yake bila kulipwa? Kumnyima ni kumfundisha jirani yake kwamba kutishia kukata kuna faida. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, lichaguliwe kwanza eneo: penye mapito, penye mkaa, penye mashamba yanayosogea. Ndani ya eneo hilo, kila mwenye ardhi aalikwe.